Hata korosho ina stakabadhi

Mhariri,

Shikamoo. Kama mimi ndiye niliyekuzidi umri basi nimeshaitikia, marahaba, tuingie kwenye habari.

Mimi ni muuza mitumba hapa Mtwara mjini. Nauza jezi. Nimezaa watoto wanne na kila mmoja ana jina lake, lakini sokoni hakuna anayeniita kwa jina la mtoto, naitwa Mama Jezi na nimezoea. Gazeti lenu nalisoma kila siku ingawa silinunui kila siku. Jirani yangu wa meza, mwalimu mstaafu wa historia ambaye sasa anauza magazeti na vocha, huniazima asubuhi kabla wateja hawajachangamka, kwa sharti kwamba nisilishike nikiwa nakula ming'oko.

Juzi hakusubiri nimwombe. Kanifungulia mwenyewe ukurasa wa michezo, akasema, "Mama Jezi, watu wako hawa." Ilikuwa makala kuhusu timu ya wanawake ya Juventus, mabingwa wa Italia wa msimu wa 2024/25. Makala nzuri, sikuwa na ugomvi nayo mpaka aya ya mwisho. Hapo mwandishi wenu akawaasa mabinti zetu waige moyo wa Waitaliano: wacheze kwa mapenzi, fedha zitakuja zenyewe.

Aya hiyo nimeirudia mara tatu. Halafu nikamrudishia Mwalimu gazeti lake, nikamwomba karatasi na kalamu.

Nianzie kwenye jezi, maana huko ndiko ninakokujua.

Huku Kusini biashara ya mitumba inakwenda na korosho. Mnada ukichelewa tunakaa tunafukuza nzi. AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, wakishalipa, hata mtu ambaye hujamtia machoni mwaka mzima anapaki pikipiki mbele yako anataka jezi tano za watoto, na habishani bei. Kwa hiyo Novemba ndio mwezi ninaofungua belo bila woga. Belo la jezi ukilikata mikanda linavuta pumzi, linaumuka mbele yako kama andazi, na ile harufu ya dawa inakupanda puani. Kazi ya kwanza ni kutenga. Zisizo na doa huku, zilizochanika kwapani kule, za timu ambazo hazijulikani chini ya meza zikasubiri wanaotafuta nguo ya shamba. Novemba moja, miaka mitatu imepita sasa, nikavuta jezi ya mistari myeusi na myeupe, ndogo, imeingia kiunoni. Mgongoni imeandikwa GAMA, na chini yake namba 3.

Juventus inauzika, hilo halina shida. Shida ilikuwa Gama. Vijana wa bodaboda walibishana mpaka abiria wakaanza kupanda bajaji. Mmoja aliapa kwa mama yake kwamba ni Mbrazili wa zamani. Mwalimu akavua miwani akaifuta. "Gama namjua mimi," akasema. "Mreno. Mwaka 1502 alitia nanga Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha mtawala wa pale alipe dhahabu. Sasa karudi kwa mtumba." Soko zima tukacheka. Mteja mmoja akasema ataichukua ikiwa nitampunguzia, yeye ataenda kung'oa hizo herufi kwa pasi ya moto.

Kabla sijamjibu, binti yangu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 17 na alikuwa anapita kutoka shule, aliichomoa mkononi mwa mteja akaivaa juu ya sare. Ikamkaa. Mhariri, mimi nimeuza jezi miaka mingi na mtoto huyu amecheza mpira tangu hajang'oa meno ya utotoni, lakini siku zote alikuwa anavaa jezi za kiume zinazomfika magotini, mikono inamezwa, shingo inamwangukia begani. Sikuwahi kujiuliza. "Mama," akaniambia, "hii imeshonwa ya kike." Mimi fundi wa kutenga nilikuwa nimeishika dakika nzima na sikuliona hilo.

Usiku ule alimaliza bando langu. Asubuhi akamletea Mwalimu majibu kama mwanafunzi aliyepata swali: Gama si Mreno, ni Sara Gama, beki wa kati, nahodha wa timu ya wanawake ya Juventus tangu ilipoanzishwa mwaka 2017. Kazaliwa Trieste mwaka 1989, mama Mwitaliano, baba Mkongo. Ndiye aliyekuwa nahodha wa Italia kwenye Kombe la Dunia la 2019 kule Ufaransa, walipofika robo fainali. Na mwaka 2018 kampuni inayotengeneza midoli ya Barbie ilitoa mdoli wa sura yake, mweusi, na nywele zake za afro. Hapo nilimkatiza. Midoli ya mtumba nimeiuza sana, mingi inafika haina mguu mmoja, na sijawahi kukutana na mdoli wa mcheza mpira. Wa harusi wamejaa.

Tangu siku hiyo wenzake kwenye timu wakamwita Gama, akahamia beki, akaomba namba 3. Mwalimu peke yake ndiye aliyekataa kumwita jina hilo. Anasema Kilwa bado hawajasamehe.

Sasa niseme la goti.

Ilikuwa mechi ya ugenini msimu uliopita, uwanja wenyewe mchanga upande mmoja na kichuguu kilichosawazishwa kwa jembe upande wa pili. Aliruka kupiga kichwa, akashuka, goti likaingia ndani. Hakuguswa na mtu. Anasema alisikia kitu kimekatika kama kijiti kikavu, na alidhani kakanyaga tawi. Madaktari wanajua kwamba kano hiyo ya ndani ya goti huwakatika wanawake wanaocheza mpira mara nyingi kuliko wanaume, lakini mimi hilo nimeambiwa baadaye. Siku ile nilichoambiwa ni simu ya saa kumi na mbili jioni: "Mama, mwanao kateguka kidogo." Walimfunga kanga ya mchezaji mwenzake, wakampandisha Noah siti ya mbele, na kiongozi akampa shilingi 10,000. Shilingi 5,000 nauli yake ya siku zote ya mechi, na 5,000 ya pole.

Kateguka kidogo. Wiki mbili nimemkanda kwa maji ya chumvi na majani ya mkwaju, goti limejaa kama papai. Hospitali wakasema kano imekatika, anahitaji upasuaji, na upasuaji huo ni Dar es Salaam.

Nikaenda kwa kiongozi wa timu. Timu siitaji, na yeye simtaji, kwa sababu si mtu mbaya. Alinipa kiti, akanitumia mtoto aninunulie soda, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa: "Mama, mwanao hana mkataba na sisi. Hii ni timu ya ridhaa. Anacheza kwa mapenzi yake."

Misimu mitatu. Namba 3. Kadi yake ya ligi wanayo wao, picha yake imebandikwa, na alipotaka kwenda kufanya majaribio timu nyingine walimwambia hawezi bila ruhusa yao. Kwa hiyo akitaka kuondoka ni wao, akivunjika ni wangu. Soda niliiacha mezani. Sikuwa na kiburi, koo tu lilikataa.

Belo mbili nilizokuwa nimezilipia nikaziuza kabla hazijafunguliwa, kwa hasara, ikaondoka na cherehani. Tukapanda basi, zaidi ya kilomita 500, mguu wake umenyooshwa kwenye njia ya kupita watu, kila anayeshuka anauruka. Na kule, asubuhi ya upasuaji, nesi akaleta karatasi. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: FOMU YA RIDHAA.

Nilikaa nayo muda mrefu, nesi akadhani sijui kusoma, akaanza kunisomea taratibu kama anamsomea mtoto. Nikamwacha asome. Mguu wa kushoto. Kitakachofanyika ni hiki. Hatari zake ni hizi. Daktari atakayefanya ni fulani. Umeelezwa? Umeelewa? Una swali? Binti yangu akatia saini, mimi nikatia kama ndugu wa karibu, nesi akatia kama shahidi, tarehe ikaandikwa. Ridhaa, kumbe! Ridhaa ni kwamba umeelezwa utakachofanyiwa, na nani atawajibika mambo yakiharibika, ndipo ukaweka jina lako. Misimu mitatu mwanangu amecheza mpira wa ridhaa na hakuna siku aliyopewa karatasi ya kutia hata herufi moja.

Nilikuwa na siku tisa za kukaa kwenye benchi la wodi. Nikamwambia, wewe si unawajua hao Juventus, hebu nitafutie, mtu wao akikatika goti nani analipa? Alitafuta akiwa kalala, simu juu ya kifua. Alichopata ndicho kilichonifanya niandike barua hii.

Italia, nchi ya magari ya Ferrari, wale wanawake nao walikuwa wa ridhaa. Kwa sheria. Iko sheria namba 91 ya tarehe 23 Machi 1981 iliyosema mwanamichezo wa kulipwa ni nani, ana mkataba wa namna gani, na pensheni yake inakatwaje. Ila ikaliacha kila shirikisho la mchezo liamue lenyewe ni ligi zipi ziingie. Wanaume wa mpira wakaingizwa. Wanawake hawakuingizwa, mwaka ule na miaka mingi iliyofuata. Mwalimu, ambaye alikuwa anatupigia simu kila jioni, akanieleza kwamba lile neno lao la kisheria, dilettante, limetokana na neno la kufurahia, kujiburudisha. Kwa hiyo na wao walikuwa wanaambiwa kama alivyoambiwa mwanangu: anacheza kwa mapenzi yake.

Mapenzi hayo yalikuwa na vipimo. Malipo ya mwaka hayakuruhusiwa kuzidi euro 30,658 kabla ya kodi, hata uwe nahodha wa taifa, hata uwe bingwa mara ngapi. Fedha nyingine ziliitwa marejesho ya gharama. Mhariri, hilo kwa Kiswahili chetu ni nauli. Ukistaafu, miaka yako ya uwanjani haihesabiki popote kama miaka ya kazi. Na dharau ilikuwepo pia: mwaka 2015 kiongozi wa ligi ya ridhaa, ile iliyokuwa inasimamia mpira wa wanawake, alipoombwa fedha alitoa kauli chafu juu ya wachezaji ambayo sitaiandika gazetini, na wenzake wakamng'oa kwenye kiti.

Halafu ikaja tarehe 24 Machi 2019. Juventus wakawafungulia wanawake uwanja ule mkubwa wa wanaume kule Turin, wacheze na Fiorentina. Kiingilio bure, hilo nakubali, lakini hata bure mtu lazima atoke nyumbani. Walitoka watu 39,027. Bao moja, la Mdenmark Sofie Junge Pedersen, kwa kichwa, mechi inaelekea ukingoni. Nilipomsimulia Mwalimu akanyamaza, nikasikia anahesabu, akasema: "Kutoka ile sheria mpaka mechi hiyo ni miaka 38 na siku moja." Watu 39,027 wanawatazama wanawake 22 ambao kisheria wanajiburudisha tu.

Miezi mitatu baadaye ndipo lile Kombe la Dunia. Barbara Bonansea, winga wa Juventus, anawafunga Australia mawili, la pili katika dakika za nyongeza. Cristiana Girelli, wa Juventus pia, anawafunga Jamaica matatu. Mechi yao na Brazil ilitazamwa kwenye televisheni za Italia na watu zaidi ya milioni 7. Bado ni ridhaa. Mkataba wa kulipwa umeanza kwao tarehe 1 Julai 2022, na haukushuka kama mvua. Ilibidi chama cha wachezaji kisukume, na miongoni mwa waliosukuma ni huyu Gama wa kwenye jezi yangu, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa makamu wa rais wa chama hicho. Alikuwa anacheza beki huku anaingia vikaoni. Mwaka 2024 aliaga timu ya taifa.

Sasa mwandishi wenu aniambie: mwaka 2019 moyo haukuwepo? Wachezaji ni walewale. Girelli yuleyule, Bonansea yuleyule. Kilichoongezeka mwaka 2022 ni karatasi.

Na msimu wa kwanza wa karatasi, 2022/23, unajua mfungaji bora alikuwa nani? Roma ndio walichukua ubingwa, Juventus wakawa wa pili, lakini mabao mengi kuliko wote yalifungwa na Tabitha Chawinga wa Inter. Mabao 23. Chawinga ni wa Malawi! Hawa hawa wa Malawi tunaochangia nao ziwa, ambao kila mwaka tunabishana nao mpaka wa ziwa lenyewe. Mtoto wa Rumphi huko kaskazini kwao, kapanda ndege kwanza kwenda Sweden, halafu China, ndipo Italia. Siwalaumu kwamba hamkuandika, pengine mliandika na mimi siku hiyo Mwalimu hakuniazima. Ila nimeuliza vijana kumi wa bodaboda na hakuna aliyemjua, na vijana hao wanajua viatu vya Ronaldo vina uzito gani.

Huyo Chawinga alipokuwa msichana mdogo Malawi alivuliwa nguo uwanjani na timu pinzani wakitaka kuhakikisha ni msichana kweli. Nilipolisikia hilo niliinuka kwenye benchi la wodi nikaenda kusimama dirishani. Mwanangu hajavuliwa, lakini maneno ameyasikia, na mengine ameyasikia kwa watu waliokuja nyumbani kumpa pole. Mama mmoja wa mtaani kwetu, mtu ninayemheshimu, alikaa mkekani akasema goti hilo ni jibu: mwali akishafundwa hatakiwi kurukaruka. Nikamwambia, dada, huyu unyago wake nimemcheza mimi mwenyewe, na wewe ulikula pilau. Kachezwa na anacheza, vyote viwili. Akacheka, na mimi nikacheka, lakini aliposhika ungo wake kuondoka tulikuwa tunajua wote kwamba hatujakubaliana.

Najua jibu linalokuja: Mama Jezi, Italia wana fedha. Wanazo. Lakini walikuwa nazo pia mwaka 1981, na 1995, na 2010. Na wala sisemi kwao kila kitu kimenyooka. Karatasi hiyo ni ya ligi ya juu peke yake, daraja linalofuata wanawake wake bado ni wa ridhaa. Na vilabu vidogo vilivyoulea mpira huo tangu zamani vimemezwa. Juventus yenyewe ilianza kwa kuchukua nafasi ya timu ya Cuneo. Brescia, timu ya wanawake iliyowahi kuchukua ubingwa na Gama akiwemo, mwaka 2018 ililingana pointi na Juventus, wakacheza mechi ya kuamua bingwa, ikashindwa kwa penalti, na kiangazi hichohicho nafasi yake ikahamia kwa Milan. Jambo hilo sisi wa sokoni tunalielewa bila mkalimani: umelea meza miaka kumi, umezoesha wateja, siku soko linapoezekwa bati jipya anakuja mwenye mtaji anauliza meza hii shilingi ngapi.

Nisichokubali ni kwamba mkataba maana yake mamilioni. Nenda kijiji chochote cha Tandahimba au Newala msimu huu. Mkulima anafika ghala la AMCOS na gunia lake moja kwenye baiskeli, linapimwa mbele ya macho yake, anaandikiwa stakabadhi: kilo kadhaa, daraja la kwanza au la pili, jina lake, tarehe. Bei ikiwa mbaya atalalamika, malipo yakichelewa atakwenda kukaa kwenye ngazi za ofisi, lakini atakaa na karatasi mkononi. Ana cha kugombea. Hata korosho, Mhariri, hata korosho ambayo haina mama, ina stakabadhi. Na dada yangu anayebangua korosho kiwandani, akijikata kidole na awe na ajira ya maandishi, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi utakaomuuliza ilikuwaje. Binti yangu amebeba jina la timu kifuani misimu mitatu, na kiongozi wake kwa haki kabisa ananijibu hana mkataba.

Karatasi ninayoiomba ni ya ukurasa mmoja. Jina la mchezaji. Mwanzo na mwisho. Nauli kiasi gani na inalipwa lini. Akiumia, nani analipa hospitali na mpaka wapi. Akipata mimba, kadi yake inakuwaje. Akitaka kuhama, anamwona nani. Timu isiyoweza kulipa hospitali iandike hivyo hivyo, "hatuwezi," mzazi asome, aamue. Hiyo ndiyo ridhaa niliyoijua mimi kule wodini.

Kwenu gazetini nina maombi mawili, na si makubwa.

Mchezaji wa kiume akihama timu mnatuandikia mkataba wa miaka mingapi na thamani yake, hata kama mnakisia. Wa kike akihama mnaandika "atua." Msimu mzima nimeangalia: ametua, ametua, kama ndege wa porini. Waulizeni viongozi wa timu za wanawake swali moja tu kila mnapowapigia simu: ana mkataba, ana bima? Wakikataa kujibu andikeni wamekataa. Hizo timu kubwa za Dar es Salaam ziulizwe, na hizi zetu za huku zinazochezea Nangwanda Sijaona na Ilulu mbele ya watu mia mbili na mbuzi ziulizwe.

La pili, kile kichwa cha habari cha "warembo." Aisha Masaka alipotoka Yanga Princess kwenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, Opa Clement alipokwenda Uturuki, hawakwenda kwenye mashindano ya urembo. Mimi nina binti ambaye ana kovu la upasuaji refu kuliko kidole changu cha kati, na anaoga akiwa kafunga mlango hata kwa dada yake. Mkimwita mrembo hatawaamini, mkimwita beki atawaamini.

Kwa sasa anatembea bila gongo. Kila alfajiri, kabla jua halijawaka, anakaa kwenye kizingiti, anajifunga mfuko wa mchanga wa kilo mbili kwenye kifundo cha mguu, anaunyanyua taratibu mpaka unyooke, anahesabu kumi, anaushusha. Mara thelathini. Mimi huwa nipo jikoni nachoma vitumbua na nahesabu naye kimoyomoyo, na nikisikia amekwama kwenye ishirini na kitu najifanya nimeunguza kitumbua nipige kelele, apate sababu ya kupumzika. Daktari kasema asiguse mpira mpaka miezi tisa ipite tangu upasuaji. Timu imeshatuma mtu mara mbili kuuliza atarudi lini.

Nimemwambia huyo mtu aje na karatasi.

Ni mimi,
Mama Jezi,
Mtwara mjini

Nyongeza: Jina langu kamili mnalo kwenye bahasha, msilitoe, timu bado tunaidai nauli ya mechi mbili. Na wale watakaokuja mezani baada ya kusoma barua hii kuulizia ile jezi namba 3: haiuzwi. Ipo ya Napoli.